Jinsi ya kufuatilia historia ya uwanja wa mpira na majina yake, tukianzia Kwa Mkapa

Juzi kati kijiweni kwetu Temeke, pale kwenye benchi la kahawa, kijana mmoja alikuwa anasimulia fainali ya Kombe la CAF ya 1993, Simba na Stella ya Abidjan, anasema ilipigwa Kwa Mkapa na amesoma kabisa, imeandikwa "Uwanja wa Taifa", sasa Uwanja wa Taifa si ndo huu huu wa Mkapa? Mzee mmoja aliyekuwepo siku ile akaweka kikombe chini akamwambia, mjukuu wangu, mwaka 93 hapo Kwa Mkapa hapakuwa na hata kiti kimoja, sie tulikaa kule, akanyoosha mkono upande wa Uhuru. Kijana akabisha dakika kumi nzima. Na hakuwa anadanganya, alichosoma kweli kimeandikwa hivo, ila alikuwa na jina tu, mwaka hakuutazama, na jina la uwanja bila mwaka halikufikishi popote.

Ndo maana nimeamua kuandika hii. Watu wengi sahivi wanaandika historia za timu zao, viwanja vya mikoani kwao, kurasa za mashabiki, wengine wanafanya kazi za chuo, na makosa mengi ninayoyaona yanaanzia hapohapo, mtu anachukua jina la leo anakwenda nalo mpaka 1970, au anakuta jina la zamani analibandika kwenye jengo la leo. Ntaeleza ninavyofanya mimi na mfano mkubwa utakuwa Uwanja wa Benjamin Mkapa na jirani yake Uhuru, maana ukiweza kuvitenganisha hivi viwili kingine chochote hakikusumbui.

Anza na ardhi, jina baadae

Kabla hujafungua gazeti lolote nenda uwanjani. Kama upo mbali tafuta picha ya satelaiti uone uwanja umekaa wapi, jirani yake nini, barabara gani inapita. Unachotaka ni kukijua kiwanja kama kiwanja, yani kipande cha ardhi na jengo lililo juu yake, kabla hujakiita chochote. Jina linahama, linafutwa, linarudi, ila ardhi haiendi kokote.

Ukifika pale Temeke upande wa Chang'ombe utaona viwanja viwili vimekaa karibu sana. Mkubwa wenye paa lililozunguka juu ya majukwaa, viti 60,000, huo ndo ulijengwa na Wachina, kampuni ya Beijing Construction Engineering Group, kwa gharama inayotajwa kuwa kama dola milioni 56, ukaanza kutumika 2007. Halafu kuna mdogo, mkongwe, huo ndo Uhuru. Huyu mkongwe ndo uwanja ambao usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 bendera ya Mwingereza ilishushwa na ya Tanganyika ikapanda. Simama katikati yake na mwenzake uangalie kushoto na kulia, ukishaona kwa macho yako kwamba ni majengo mawili tofauti, ya umri tofauti kabisa, ile habari ya Stella inajieleza yenyewe.

Kwahiyo kwenye daftari lako ukurasa wa kwanza usiandike jina. Andika "kile kikubwa cha 2007" na "kile cha zamani cha 1961". Inaonekana kama kitu cha kitoto ila fanya hivo, itakuokoa sana mbele.

Tengeneza kadi ya majina

Hapa ndo kazi yenyewe ilipo. Kila kiwanja kipe kadi yake, na kila jina lililopata kuitwa liandikie lilianza lini na liliisha lini. Ngoja nikuonyeshe ya hivi viwili ilivyo.

Kile cha zamani: tangu uhuru kilikuwa kinaitwa Uwanja wa Taifa, ndo ulikuwa uwanja wa nchi, hakukuwa na mwingine wa kushindana nao. Ulipokuja uwanja mpya 2007 jina la Taifa likavuka likaenda kwa mgeni, mkongwe akabaki anaitwa Uwanja wa Uhuru. Mtaani: Shamba la Bibi.

Kile kikubwa: 2007 mpaka Julai 2020, Uwanja wa Taifa. Julai 2020 mpaka leo, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Mtaani: Kwa Mkapa, na siku hizi Lupaso.

Umeona mtego ulipo? Neno "Uwanja wa Taifa" lipo kwenye kadi zote mbili. Ukikuta habari ya Simba kumfunga Yanga 6-0 Julai 1977, imeandikwa Taifa, huo ni Uhuru wa leo. Ukikuta Simba kumfunga Yanga 5-0 Mei 2012, imeandikwa Taifa vilevile, huo ni Mkapa wa leo. Na Yanga kumfunga Simba 5-1 tarehe 5 Novemba 2023 hiyo ni Benjamin Mkapa kwa jina na kwa jengo. Mechi tatu ambazo mashabiki wanazitaja kila wiki, majengo mawili, na maandishi ukiyasoma harakaharaka unadhani mbili za kwanza zilichezwa sehemu moja.

Siyo mpira tu. Mwalimu Nyerere alipofariki Oktoba 1999 wananchi walimuaga Uwanja wa Taifa, na magazeti ya wakati ule ndo yanavyosema, ila ukimwambia kijana wa leo atakuonyesha lile jengo la Wachina ambalo 1999 halikuwa limechimbwa hata msingi. Niliwahi kusoma andiko moja lina picha ya uwanja mpya, chini yake maneno kuhusu msiba wa Mwalimu. Iliniuma, maana mtu aliyeandika alikuwa na nia nzuri kabisa na kazi ilikuwa imepangika, kakosea kadi tu.

Kanuni ninayoitumia ni rahisi, kama tukio ni kabla ya 2007 na limeandikwa Taifa, Dar es Salaam, peleka kwenye kadi ya mkongwe. Kama ni kati ya 2007 na Julai 2020, kwenye kadi ya mkubwa. Mwaka 2007 wenyewe usiamue kwa kukisia, kaangalie tarehe na picha.

Jina lina siku zake tatu

Kitu kingine ambacho watu wanakiruka. Uwanja unapobadilishwa jina kuna siku jina linapotamkwa, kuna siku linapoandikwa kwenye ukuta na kwenye makaratasi, na kuna siku watu wanapoanza kulitumia wenyewe bila kuambiwa. Hizi siku mara nyingi hazifanani na ukiandika "ulibadilishwa jina mwaka fulani" bila kusema unamaanisha ipi utagombana na mwenzako na wote mko sawa.

Chukua huu wa Mkapa. Mzee Benjamin William Mkapa, rais wa awamu ya tatu, 1995 mpaka 2005, alifariki Julai 2020. Aliagwa palepale Uhuru, yani uwanja wa jirani, na ndo kwenye shughuli hiyo ya kumuaga Rais Magufuli akatangaza kwamba Uwanja wa Taifa sasa uitwe Uwanja wa Benjamin Mkapa. Kesho yake tarehe 29 Julai mzee akazikwa kijijini kwao Lupaso, Masasi, mkoa wa Mtwara. Kwahiyo siku ya kutamkwa unayo. Siku ya kuandikwa utaitafuta kwenye barua, kwenye tiketi, kwenye ratiba za ligi. Siku ya watu kulikubali hiyo sasa inabidi usikilize, na kwa huu uwanja ilikuja haraka sana, msimu uliofuata tu mashabiki wa Simba walishakuwa wanaimba "Kwa Mkapa hatoki mtu", jina likaacha kuwa la serikali likawa la jukwaani.

Na lazima uulize pia kwanini jina hili kwa uwanja huu. Hapa jibu lipo wazi, ujenzi ulianza kwenye utawala wake, yeye ndo aliusimamia uanze, akaondoka madarakani Desemba 2005 na ulipoanza kutumika rais alikuwa Kikwete. Kwahiyo uwanja ulibeba jina la mtu aliyeupanda na ulivunwa na mwingine, na jina lilimfikia akiwa ameshatangulia. Mimi kwa maoni yangu hili ni jina linalostahili, maana kuna viwanja vingi duniani vina majina ya wakubwa ambao hawakuweka hata tofali.

Uliza nani alikuwa na uwezo wa kutoa jina

Ukishajua jina, uliza nani alilitoa. Hapo ndo historia inapoanza kuongea. Angalia mikoani. Viwanja vingi vya mikoa Tanzania Bara ni mali ya CCM, na wakati mwingine jina lenyewe linakuambia, CCM Kirumba kule Mwanza halina haja ya maelezo, Kirumba ni mtaa na CCM ni mwenye mali. Ila mengine yanataka uchimbe kidogo na ni raha sana kuchimba. Songea kuna Majimaji, hiyo ni vita ya 1905 mpaka 1907 dhidi ya Mjerumani, na Songea ndo mji ambao mashujaa wake walinyongwa mwaka 1906, kwahiyo mtu akikuuliza kwanini timu inacheza kwenye uwanja wenye jina la vita una la kumjibu. Iringa kuna Samora, rais wa kwanza wa Msumbiji. Mbeya kuna Sokoine, waziri mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari Aprili 1984. Arusha kuna Sheikh Amri Abeid, na huyu naomba nikae nae kidogo, maana mashabiki wengi wanaoingia pale hawajui kwamba yule alikuwa mshairi, Kaluta Amri Abeid, mtu aliyetuandikia sheria za kutunga mashairi ya Kiswahili, akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, akawa waziri, akafariki 1964. Kila ukisikia mtangazaji anasema "tunakuja kwenu moja kwa moja kutoka Sheikh Amri Abeid" jua anataja jina la mtu wa vina na mizani. Hiki kitu ukikiweka kwenye historia ya uwanja wa Arusha msomaji wako hatakisahau.

Ukivuka mipaka ndo utaona zaidi namna jina linavyofuata madaraka. Kinshasa kuna uwanja mkubwa ulioanza kutumika 1994 ukaitwa Kamanyola, hilo ni jina la mahali Kivu ya Kusini palipokuwa na mapigano ambayo Mobutu alijivunia sana. Mobutu akapinduliwa Mei 1997, jina likaondoka nae, ukaitwa Stade des Martyrs, uwanja wa mashahidi, kwa kumbukumbu ya wanasiasa wanne, akiwemo aliyekuwa waziri mkuu Évariste Kimba, walionyongwa hadharani eneo hilohilo Juni 1966 kwa amri ya Mobutu huyohuyo. Yani jina jipya lilikuja kumjibu wa zamani palepale alipofanyia. Ukiandika "zamani ukiitwa Kamanyola" ukaishia hapo umemnyima msomaji habari yote.

Kigali nao 2023 ule uwanja wa Nyamirambo wakaupa jina la Pelé, muda mfupi tu baada ya Pelé kufariki, na hapo mtoa jina alikuwa na FIFA pembeni yake. Zanzibar 2023 baada ya ukarabati mkubwa Amaan, ambao ulikuwepo tangu 1970, ukarudi ukiwa New Amaan Complex, jina halikuondolewa, limeongezewa maneno tu, na hiyo nayo iandike kama badiliko, na angalia tahajia, ni Amaan, a mbili, watu wengi wa bara wanaandika Amani.

Jina la pesa

Kuna majina yanayonunuliwa. Haya usiyadharau ila yawekee tarehe kwa makini zaidi kuliko mengine maana yanaisha na mkataba. Nairobi 2009 Coca-Cola waliingia mkataba wa miaka mitatu kuweka jina lao kwenye uwanja wa Nyayo, haukufika mbali, miezi michache tu wakajitoa, na mvutano ulikuwa kwenye neno Nyayo lenyewe, libaki au liondoke. Nyayo siyo neno la mchezo kwa Mkenya, ndo ilikuwa kaulimbiu ya Rais Moi, fuata nyayo, kwahiyo kulitoa ukutani siyo sawa na kubadilisha rangi. Ulaya nako kuna kitu cha kukijua, UEFA, shirikisho la mpira la Ulaya, kwenye mashindano yao hawatumii majina ya wadhamini wa viwanja wasio wadhamini wao, ndo maana Euro 2024 ule wa Munich uliandikwa Munich Football Arena wakati kila mtu anaujua kama Allianz Arena. Sasa mtu akitafuta orodha ya mechi za Allianz anaweza kudhani Euro haikupita pale kabisa. Ukikuta jina usilolijua kwenye mashindano makubwa, kabla hujaandika kwamba ni uwanja mwingine, rudi kwenye ramani.

Majina ya mtaani yapewe nafasi yake

Usije ukaandika historia ya uwanja ukaacha jina ambalo watu wanalitumia kila siku. Kasarani kwa makaratasi ni Moi International Sports Centre, ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, lakini msimamishe abiria yeyote Nairobi muulize, atakuambia Kasarani. Namboole kule Uganda kwa makaratasi ni Mandela, watu wanautaja kwa jina la kilima.

Kwetu hapa lililo tamu kuliko yote ni Shamba la Bibi. Kiswahili chetu cha kila siku shamba la bibi ni mahali ambapo kila mtu anajichumia anavyotaka, hakuna wa kumuuliza, na watu wa mpira wakalivisha uwanja mkongwe. Ukiwauliza wazee jina lilikujaje kila mmoja ana hadithi yake, na nakushauri uzipokee zote, uziandike kama walivyozisema, "wapo wanaosema hivi, wengine wanasema hivi", usichague moja ukaitangaza kuwa ndo ukweli kwa sababu imekufurahisha. Unachoweza kusema kwa uhakika ni maana ya maneno na nani anayatumia.

Halafu Lupaso. Hili limezaliwa mbele ya macho yetu. Uwanja umepewa jina la mtu, watu wakaenda mbele zaidi wakauita kwa kijiji cha huyo mtu, kwahiyo shabiki anatoka Mbagala anasema "jioni tunakutana Lupaso" na hajakusudia kwenda Masasi. Miaka hamsini ijayo mtu atakuta hilo neno kwenye maandishi ya leo akajiuliza Simba ilienda kucheza kijijini Mtwara lini, kwahiyo sisi tuliopo ndo wa kuandika sasa hivi, kwa tarehe, kwamba Lupaso ni Temeke. Majina ya namna hii gazeti la serikali halitakuwekea, ukiyaacha yanapotea.

Wapi utafute

Magazeti ya zamani kwanza. Maktaba Kuu ya Taifa pale Bibi Titi, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliza magazeti ya zamani, Uhuru, Mzalendo, Daily News, na ukienda nyuma ya 1972 hilo la Kiingereza utalikuta kwa jina la Standard. Kwa miaka ya karibuni Mwanaspoti, Mwananchi, Nipashe. Chukua ukurasa wa michezo wa siku ya mechi na wa siku ya pili yake, siyo mmoja tu, wa kwanza unakupa jina la uwanja kama lilivyotangazwa, wa pili unakupa mwandishi aliyekuwepo na mara nyingi ndo kuna picha.

Kumbuka kitu kimoja muhimu sana, timu nazo zimebadilisha majina. Simba mpaka 1971 iliitwa Sunderland. Ile 5-0 ya Yanga ya Juni 1968 ukiitafuta kwa jina la Simba hutaiona, tafuta Sunderland. TFF, shirikisho letu la mpira, zamani ilikuwa FAT. Redio ya taifa ilikuwa RTD, leo ni TBC. Nchi yenyewe kabla ya Aprili 1964 ni Tanganyika. Andika haya majina ya zamani kwenye karatasi moja ubebe unapoenda maktaba, usitegemee kichwa, maana ukiwa umechoka saa tisa mchana unapekua gazeti la nane jicho linatafuta neno lililozoea na linaruka lililopo.

Baada ya magazeti nenda kwa wazee. Hapa kuna namna ya kuuliza. Ukimsalimia mzee, shikamoo, ukakaa, usianze na "uwanja ulikuwa unaitwaje", atakupa jina la leo kwa sababu ndo analolisikia kila siku redioni. Muulize mlishukia wapi, mliingilia geti la upande gani, ulikaa kwenye kiti au kwenye zege, jua lilikuwa linakupiga usoni au mgongoni, kulikuwa na paa. Yule mzee wa kijiweni nilimuuliza hivo, akaniambia tulikaa kwenye zege tangu asubuhi, nimebeba kipande cha boksi cha kukalia, mchana zege likawa kama kaango, na Stella walipofunga la pili uwanja mzima ukanyamaza mpaka ukasikia mtoto analia upande wa pili. Hicho kipande cha boksi ni ushahidi tosha. Kwenye uwanja wa viti 60,000 vya plastiki mtu hahitaji boksi.

Na usiogope kuandika mabaya. Historia ya uwanja siyo magoli peke yake. Pale Uhuru Machi 2021 watu walipokuwa wanamuaga Rais Magufuli msongamano uliua watu 45, na ukiandika kadi ya Uhuru ukaweka sherehe za uhuru na derby ukaacha hilo umewaonea waliokufa na ndugu zao.

Namna ya kuandika jina kwenye sentensi

Sasa una kadi, una magazeti, una wazee. Unaandikaje? Mimi naandika jina la wakati ule kwanza halafu naongeza la leo mara moja tu mwanzoni, baada ya hapo nabaki na la wakati ule. Mfano: "Simba ilifungwa 2-0 na Stella Uwanja wa Taifa, ambao leo ni Uhuru." Imeisha, msomaji ameelewa. Au: "Juni 2010 Brazil ilikuja Dar ikaifunga Taifa Stars 5-1 Uwanja wa Taifa, ambao leo ni Benjamin Mkapa." Usiandike "Brazil ilicheza Uwanja wa Benjamin Mkapa 2010" hata kama watu watakuelewa, siku hiyo mzee Mkapa alikuwa hai na uwanja haukuwa na jina lake.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Al Ahly. Tarehe 12 Februari 2019 Simba iliifunga Al Ahly 1-0 kwa goli la Meddie Kagere, kumbukumbu inasema Uwanja wa Taifa. Tarehe 23 Februari 2021 Simba ikaifunga Al Ahly 1-0 tena, goli la Luis Miquissone, kumbukumbu inasema Benjamin Mkapa. Timu zilezile, matokeo yaleyale, nyasi zilezile, majina mawili. Mtu akipanga orodha kwa majina bila kadi atasema Simba haijawahi kumfunga Al Ahly mara mbili uwanja mmoja. Kadi yako inamjibu kwa mstari mmoja.

Na angalia neno "nyumbani". Mechi ya nyumbani siyo lazima iwe kwenye uwanja uliouzoea. Fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika ya 2023 Yanga walicheza na USM Alger hapo Mkapa, sawa, ila ile ya Simba na Berkane ya Morocco Mei 2025 mechi ya nyumbani ilichezwa Zanzibar, New Amaan. Mwaka huohuo Agosti CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, ikafunguliwa Mkapa, Stars ikaifunga Burkina Faso 2-0. Ukijaza kwa mazoea utaihamisha fainali nzima kutoka Unguja kuileta Temeke.

Kwa uwanja wa kwenu ambao hauna mtu aliyeandika chochote, usisubiri. Piga picha ukuta wenye jina leo, andika tarehe nyuma yake au kwenye jina la faili. Ukibadilishwa piga tena. Tunza tiketi ya karatasi kama bado mnazo, maana kwenye viwanja vikubwa sahivi tunaingia kwa kadi za kielektroniki na hakuna kinachobaki mfukoni chenye jina la uwanja na tarehe. Nenda ofisi ya manispaa au ya chama chenye uwanja, omba kuona barua ya kutoa jina, wakikuzungusha rudi tena wiki inayofuata ukiwa na barua yako ya kuomba, mkononi, yenye muhuri kama unatoka chuo au klabu.

Yule kijana wa kijiweni nilimchorea zile kadi mbili nyuma ya karatasi ya vitumbua. Akaziangalia muda mrefu, akamgeukia mzee akamuuliza, babu kwahiyo hilo boksi ulilikalia upande gani wa Uhuru? Mzee akachukua kalamu, akachora duara, akaweka alama ya msalaba upande usio na paa, akasema hapa, na goli la pili liliingia kule.